Mama Kulwa Alipomtaka Mwanangu

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya ukatekista lilikuwa kumsifu mama aliyefiwa. Nilimsifu kwa sauti, siku ya Jumapili, mbele ya kigango kizima, naye ameketi upande wa wanawake ana mtoto mmoja mgongoni badala ya wawili. Nilisema, "Tazameni imani ya Mama Kulwa! Amefiwa na mwanawe, na hakutoa hata chozi moja." Kanisa zima likanyamaza. Mimi nikadhani wameguswa.

Habari hiyo nitaieleza yote, lakini kwanza niwaambie nilivyokuwa, msije mkadhani nilikuwa kijana mbaya. Nilikuwa kijana mwema sana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna semina, mna vyeti, mna vipaza sauti vinavyosikika mpaka kijiji cha pili, ambako watu hawakuomba kusikia. Mimi chuo cha makatekista nilikiona kwa nje tu. Herufi nilijifunza mwenyewe dukani Kagongwa, baba akiuza karanga na mimi nikikodolea macho magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa. Neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu lilikuwa jina la mafuta ya taa, na nililisoma kwa furaha kama vile limeshuka mbinguni. Baadaye padri mmoja akanipa katekisimu kuukuu. Nikaikariri yote, pamoja na jina la mtambo uliokichapa kile kitabu, maana niliogopa kuulizwa nikashindwa.

Wasiwasi ndio ulikuwa chakula changu. Kengele ya kigango ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Nilikuwa naipiga, naondoka, kisha narudi kumuuliza mtu aliyekuwa jirani kama nimeipiga vizuri. Siku moja bibi mmoja akaniambia, "Mwalimu, imelia. Kengele haina kulia vizuri wala vibaya." Sikulala vizuri wiki ile, nikifikiri kwamba ananificha ukweli.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kufariji watu, ujue umewapa watu msiba wa pili. Mimi kila teso nililiwekea maneno yake tayari, kama duka la dawa. Aliyefiwa na mume alikuwa na maneno yake. Aliyepotelewa na ng'ombe, yake. Aliyeungua, aliyeachwa, aliyepigwa na radi akapona, wote nilikuwa nimewaandalia. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi mbele ya mbuzi wa jirani, na mbuzi walisikiliza kwa heshima sana. Hakuna mbuzi aliyewahi kuniuliza swali.

Swali la kwanza niliulizwa Geita, hospitalini kwa wachimbaji.

Katekista mkubwa wa upande wetu alikuwa Mzee Yakobo, Msumbwa mmoja mrefu, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha kazi, kwa kunicheka. Siku hiyo alinichukua twende mgodini kuwatazama wagonjwa. Katika wodi tukamkuta Sadiki, Mwislamu kutoka Kigoma, jiwe lilikuwa limemwangukia mguuni chini kule mashimoni. Mguu umefungwa plasta mpaka kiunoni. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu mguu uliovunjika nilikuwa nao maneno mazuri mno. Nikasimama miguuni pake, nikakohoa kidogo, nikaanza.

"Ndugu yangu, mateso ni zawadi kutoka kwa Mungu."

Sadiki akanitazama. "Zawadi?"

"Zawadi."

"Na wewe leo umeniletea nini?"

"Nimekuletea neno."

"Basi tubadilishane, Mwalimu. Wewe chukua zawadi, mimi nibaki na neno. Mguu huu hapa, ubebe."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Palikuwa na mtu aliyevunjika mbavu, akawa anawasihi kwa machozi wasimchekeshe. Mimi nilisimama pale mikono imekunjwa, nikitafuta katika duka langu dawa ya mtu anayejibu. Haikuwapo.

Mzee Yakobo alikuwa ameshajikalia chini sakafuni, goti bovu amelinyoosha. Akamuuliza Sadiki, "Inawasha huko ndani?"

"Mzee, inawasha mpaka nawaza kuliomba jiwe lirudi."

Yakobo akachomoa kijiti kimoja kwenye ufagio wa chelewa, akakipenyeza ndani ya plasta, akaanza kumkuna. Sadiki akafumba macho kama mtu anayeona pepo. Wakazungumza habari za dagaa wa Kigoma, na bei ya mpunga, na nyapara mmoja aliyekuwa na meno ya bandia. Tulipotaka kuondoka, Sadiki ndiye aliyesema, "Mzee, niombee kwa dini yako. Mimi nitaitikia kwa yangu."

Njiani nilikuwa nimenuna. Nikasema, "Lakini hukumwambia lolote juu ya maana ya mateso."

"Aliniuliza?"

"Hapana."

"Basi." Tukaenda kidogo, kisha akasema, "Fransisko, ukifika penye maumivu, tafuta kwanza kazi ya mikono. Kata kuni. Teka maji. Fukuza nzi. Mdomo utaitwa ukitakiwa, na mara nyingi hauitwi. Usisimame, kaa chini, mgonjwa asikutazame kama anatazama mnara. Na usilitupie jua macho ili kujua kama umekaa vya kutosha. Wanaona."

Niliyakariri maneno hayo yote. Kuyakariri nilikuwa hodari. Ndipo nikarudi kigangoni, nikafanya kile nilichokitaja mwanzo.

Mama Kulwa alikuwa mke wa Mathias, fundi wa kupanga magogo ya kushikilia udongo ndani ya mashimo ya mgodi, aliyekuja nyumbani mara chache. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto, wote wanaume. Kulwa alishikwa na homa akafa kabla hajajifunza kutambaa.

Kwetu, wakati ule, pacha akifa hakuliliwa. Hata neno lenyewe halikutajwa. Ukiulizwa, ulijibu kwamba Kulwa amekwenda kisimani. Mama akilia, ilisemekana sauti yake humwita yule aliyebaki, naye atamfuata mwenzake. Na mtoto mwingine yeyote anayenyonya, akiwa karibu na machozi hayo, hapati usalama. Kila mtu aliyajua haya, aliyebatizwa na asiyebatizwa. Mimi mwenyewe niliyajua kabla sijaweza kufunga vifungo vya kaptula.

Sasa mtaniuliza, kama uliyajua, ulimsifuje? Nilikuwa nimeamua kutoyajua. Katika katekisimu hapakuwa na ukurasa wa mapacha, nami nilikuwa mtu wa katekisimu. Nikaona mama mwenye uso mkavu, nikaona mfano mzuri wa mahubiri, nikaubeba kama mtu aliyeokota shilingi njiani. Kigango kizima kilijua kwamba mama yule hakulia kwa sababu ya hofu. Mimi peke yangu nikaiita hofu ile imani. Mila ilimkataza kulia kwa kumtisha. Mimi nilimkataza kwa kumsifu. Afadhali mila, maana haikumsimamisha mbele ya watu.

Mzee Yakobo alikuwapo siku hiyo. Nje ya kanisa akanishika bega. "Fransisko, umemsifu mbuzi kwa kunyamaza, na kamba iko mdomoni mwake."

Mama Kulwa hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Wanawake wakamwambia mke wangu, Veronika, kwamba hali chakula, anakorogakoroga ugali kisha anauacha. Maziwa yanamkauka. Doto analia njaa, amekonda shingo imekuwa kama ya kifaranga. Na hakuna mwenye mtoto mchanga aliyekwenda kumwona, kwa ajili ya ile hofu niliyowaeleza. Wenye maziwa ndio hao hao wenye watoto. Kwa hiyo Doto alikuwa akifa njaa katika kijiji kilichojaa maziwa.

Nikaenda. Nilikuwa na maneno mapya, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatunga. Nikamkuta amekaa chini ya paa la jiko, kinu mbele yake, mtama ndani ya kinu, mchi umelala.

"Mwangaluka, Mama Kulwa," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akainua macho. "Wewe bado unaniita hivyo? Wenzako wananiita Mama Doto tangu siku ile. Jina langu nalo limekwenda kisimani."

Lile lilikuwa neno zito kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa, na alilisema bila mazoezi. Nikakaa chini. Angalau hilo nililikumbuka.

"Nimekuja kukutia moyo," nikasema.

"Ulishanitia sifa, Mwalimu. Zinatosha." Akamtazama Doto aliyekuwa amelala kwenye kanga, midomo ikitafuna hewa. "Ila nina swali. Nikilia, huyu atamfuata mwenzake?"

"Hapana," nikasema upesi. "Huo ni ushirikina."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Kama unavyojua kwamba jua litatua?"

"Kuliko hivyo."

"Basi mlete Anna."

Anna alikuwa mtoto wetu wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Nikauliza, "Nimlete wapi?"

"Hapa." Akagonga mapaja yake kwa kiganja. "Nimpakate, nilie. Wanasema machozi yangu humdhuru mtoto anayenyonya. Wewe unasema hayadhuru. Akifika Jumapili akiwa mzima, nitajua hata Doto nikimlilia ndugu yake hatadhurika. Mimi siwezi kumjaribu wangu, Mwalimu. Nimebakiwa na mmoja."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kukasirika, na hasira ingenisaidia. Alisema kama mtu anayeazima ungo. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba nina watoto wa komunyo ya kwanza wananisubiri. Hawakuwapo watoto wa komunyo siku ile. Nikapanda baiskeli nikaondoka, na hata salamu za kuaga sikumbuki kama nilizitoa.

Sikuelekea nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Yakobo, njia nzima nikitumaini kwamba atasema jambo kama hilo halifai, ni kumjaribu Mungu, kuna kanuni inayolikataza. Nilimkuta anashona kiraka kwenye suruali. Akanisikiliza mpaka mwisho, sindano hewani.

"Ulimwambia ni ushirikina?"

"Ndiyo."

"Na ni ushirikina?"

"Ndiyo."

"Basi mpeleke mtoto. Kuna tatizo gani?"

Nikamuuliza, "Wewe ungempeleka wako?"

"Wangu wana ndevu," akasema. "Mungu alinihurumia." Akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Nikwambie ukweli, kijana. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimezika mapacha wengi, na sijamwambia mama hata mmoja alie. Unajua kwa nini? Niliogopa nitaulizwa kama ulivyoulizwa wewe."

Kwa hiyo pale tulikuwa makatekista wawili, wahubiri wa ufufuko wa wafu, tumeshindwa na kibwagizo cha bibi zetu.

Lilibaki tumaini moja, kwamba Veronika atakataa. Wanaume wenzangu mnajua, mke ni ngao nzuri. Ningerudi kwa Mama Kulwa nikamwambia, mimi nilikubali, ila unawajua akina mama. Nikamkuta Veronika anapepeta karanga, Anna kando yake anajaribu kula jani. Nikamweleza kwa sauti ya mtu anayetaka kukatazwa.

Akaacha kupepeta. "Baba Anna, unaikumbuka ile hirizi mama yangu aliyomfunga Anna kiunoni alipozaliwa?"

"Naikumbuka."

"Uliifanyaje?"

"Niliikata nikaitupa."

"Uliniambia ni ushirikina, na kwamba una hakika kabisa. Usiku ule mimi sikulala. Nilimwekea mkono kifuani mpaka kukakucha, nione kama anapumua. Wewe ulikuwa unakoroma."

Nikamtoa Anna lile jani mdomoni.

"Mimi nilikwishamtoa mwanangu kwa ajili ya hakika yako," akasema. "Leo zamu yako. Chukua huo mtungi, ujaze maji, tunakwenda."

Mapadri walinifundisha kwamba Mungu hakuwatumia watu maneno ya faraja kutoka mbali, alimtoa Mwanawe mwenyewe akaja kuwekwa katikati ya walio na maumivu. Nilikuwa nimelikariri fundisho hilo kwa maswali na majibu, na nilikuwa nawachapa watoto wakilikosea. Njiani kwenda kwa Mama Kulwa, mtungi kichwani kama mwanamke na wanaume wakinicheka mashambani, ndipo nilipolielewa kwa mara ya kwanza. Na niseme kweli, sikulipenda. Ni fundisho zuri sana mpaka mwana awe wako.

Mlangoni alisimama Bibi Kabula, mama mkwe wa Mama Kulwa, mlinzi wa mila yote ya mji ule.

"Shikamoo, Bibi," Veronika akasema.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Rudi na mtoto wako."

"Nimeitwa, Bibi."

"Hapa haingii mwenye mtoto mchanga. Wewe umezaliwa wapi usiyejua?"

"Nimezaliwa hapa hapa. Najua, na ninaogopa kama wewe. Lakini Doto ana njaa." Akampita. Yule bibi hakumzuia kwa mkono. Nadhani neno la Doto ndilo lililofungua njia.

Veronika akamweka Anna mapajani mwa Mama Kulwa, akamchukua Doto, akakaa, akamnyonyesha. Doto alishika ziwa kama mtu aliyekuta mlango wazi baada ya kubisha siku nyingi. Mimi nikatua mtungi. Mama Kulwa alimtazama Anna tu, hakulia. Muda ukapita. Anna akaivuta rozari iliyokuwa shingoni kwa Mama Kulwa akaanza kutafuna msalaba. Mimi nikaona huu ndio wakati, nikakohoa, nikaanza sala kwa sauti.

"Nyamaza, Baba Anna," mke wangu akasema. "Hujaitwa."

Kisha Mama Kulwa akafungua mdomo. Kwanza haikutoka sauti. Halafu akasema, kwa upole, kama anamwambia Anna siri, "Kulwa hakwenda kisimani. Kulwa amekufa." Akarudia kwa nguvu zaidi. Akarudia tena, na safari hiyo kilio kilitoka kwa namna ambayo kuku waliruka kutoka jikoni na majirani wakasimama mashambani na majembe mikononi. Aliita jina la mwanawe. Aliuliza kwa nini. Alimuuliza Mungu mambo ambayo, kwa mujibu wa katekisimu yangu, hayaulizwi, na paa la jiko halikuanguka.

Nyuma yangu nikasikia sauti nyingine. Bibi Kabula alikuwa ameketi kizingitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili, naye analia. Analia akitaja jina ambalo hata Mathias mwanawe hakuwahi kulisikia. "Pacha wangu aliyekwenda kisimani alikuwa msichana," akatuambia baadaye. "Sijawahi kumlilia mpaka leo. Nimezeeka naye hapa kooni."

Mimi nilikuwa nafanya nini wakati wote huo? Nilikuwa namtazama Anna kama anapumua. Akipiga chafya, moyo unaniruka. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yangu siku hiyo.

Jumamosi Anna akashikwa na homa.

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mnaopenda ushuhuda unaokwenda sawasawa kama reli. Mtoto alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Veronika hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa. Nikapanda baiskeli kwenda zahanati ya misheni Ushirombo kutafuta dawa. Njiani kuna njia panda, na ukishika ile ya kushoto unafika kwa mganga. Nilisimama pale, mguu mmoja chini. Mimi, mwalimu wa dini, niliyetupa hirizi ya mwanangu kwa kiburi, nilisimama nikitazama kushoto. Ningependa kuwaambia kwamba imani ilinigeuza. Ilikuwa aibu. Mganga yule nilikuwa nimemsema vibaya katika mahubiri mwaka ule ule, kwa jina, nikajua atanicheka mpaka akae chini. Nikashika ya kulia. Mungu ni fundi asiyechagua vifaa. Aibu ilikuwa karibu, akaitumia.

Kusali nilisali njia nzima, lakini msije mkaiga. Zile sala zote nzuri hazikuja. Nilikuwa nasema tu, "Usifanye hivi. Nakuomba usifanye hivi." Ndivyo Mama Kulwa naye alivyokuwa amesema, kwa ajili ya mtoto wake, naye hakupewa. Nilijua hivyo nikiomba. Niliomba hivyo hivyo.

Niliporudi na kwinini, nikamkuta Mama Kulwa nyumbani kwangu. Alikuwa amesikia. Nikadhani amekuja na maneno, maana angekuwa na haki nayo. Doto yuko mgongoni kwake, ameshaanza kutoa sauti ya mtoto. Alikuwa ameshateka maji, ameshawasha moto, anamkanda Anna kwa kitambaa. Tukamnywesha dawa ile chungu, akaitema, tukamnywesha tena. Kisha hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa.

Nilikaa nimekaza uso, kama mfano mzuri wa mahubiri.

Mama Kulwa akanitazama. "Lia, Mwalimu," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema hakitokei kitu."

Alikuwa ananicheka. Hakika alikuwa ananicheka, katikati ya yote yale, na mkono wake uko kwenye paji la mwanangu. Basi nililia. Sijui kama mnafahamu kulia mbele ya mtu aliyepoteza zaidi yako, naye hakudharau kilio chako kwa sababu ni kidogo. Nimesoma vitabu tangu wakati ule. Sijakuta humo maelezo ya msalaba yanayofikia mkono ule.

Homa ikashuka. Jumapili Anna alikuwa mchovu, mwenye makamasi, na mzima. Mama Kulwa akaja kanisani akakaa mbele, akalia misa nzima bila kumwomba mtu ruhusa, na Doto akinyonya. Doto alinenepa. Watu wakaanza kusema ni muujiza wa sala za Mwalimu, na mgeni mmoja akatoka mbali kuja kutafuta ushuhuda. Veronika akamwambia, "Andika ni maziwa na uji wa ulezi." Mgeni hakufurahi. Watu wa miujiza hawapendi ulezi.

Tumaini la Mkristo nililijua mwanzoni kama uso mkavu. Niliwafundisha watu kuwa wakavu mbele ya kaburi, kana kwamba Bwana mwenyewe hakusimama mbele ya kaburi la rafiki yake akatokwa na machozi. Alijua kwamba muda si mrefu atamfufua, na bado alilia. Mtu anayetumaini ndiye anayeweza kulia mpaka mwisho, kwa sababu haogopi kwamba kilio chake kitaiangusha mbingu. Asiyetumaini ndiye hujifunga mdomo. Hilo ndilo ninaloliamini, na sikulipata katika duka langu la dawa. Kwa nini Kulwa alikufa na Anna akapona, sijui. Nikisikia katekista kijana anamweleza mfiwa sababu, natamani mno kumwuliza kama ana mtoto mchanga nyumbani.

Mzee Yakobo, baada ya yale, alizunguka kwenye vigango vyake akawatafuta akina mama wa mapacha aliokuwa amewazikia watoto wao zamani. Goti bovu na yote. Alikuwa akifika, anakaa chini, anakata kuni au anabangua karanga, kisha anauliza, "Mayu, mama yangu, yule mwingine aliitwa nani?" Basi. Wengi walijibu siku hiyo hiyo. Mmoja alimfukuza kwa mwiko, Mzee akarudi wiki iliyofuata.

Nimestaafu sasa, na kigango kimekuwa parokia. Siku hizi kwetu pacha akifa analiliwa kama mtoto mwingine yeyote, wenye watoto wachanga wanakwenda kukaa na mama yake, na jina lake linasomwa kanisani.